Watu Wagumu wa Mzee wa Kanisa

Kwanza niseme kwamba mimi sijaokoka, msomaji asije akakaa akingoja niimbe mwishoni. Lakini niliishi ukuta mmoja na mwanamke aliyeniombea miaka na miaka, na kama maombi yangekuwa maji, nyumba yangu ingeota mchicha mpaka darini.

Alikuwa mzee wa kanisa. Ukisikia hivyo utadhani nasema juu ya mwanamume mwenye bakora. La. Alikuwa mama mfupi, mpana wa mabega, mwenye sweta la kijani na ndara za tairi nilizomkatia mwenyewe kwenye kibanda changu cha Kariokor. Kanisa lao huwapa akina mama cheo hicho, naye alikishika kama askari anavyoshika lango. Mtaa wetu wote wa Maringo, hapa Nairobi, tulimwita Mzee wa Kanisa, hata watoto. Ukimwita kwa jina lake alikutazama kwanza, aone kama umemletea barua ya korti.

Wazee wa kanisa wana kazi nyingi. Wanatembelea wagonjwa, wanapatanisha mabwana na mabibi, wanakumbusha watu ubatizo wa watoto. Yeye alizifanya zote bila kulalamika, lakini roho yake ilikuwa mahali pengine. Alipenda kuwaombea wale ambao kila mtu alikuwa ameshakata tamaa nao. Watu rahisi hakuwataka hata kidogo. Siku moja jirani yetu, Mama Njoki, alimletea shida ya mpwa wake, msichana mpole wa chuo aliyeanza kukosa ibada.

"Huyo mpeleke kwaya," Mzee wa Kanisa akamjibu. "Akisikia wanashona sare mpya atarudi mbio. Mimi niletee mtu ambaye ukimtaja kanisani watu wanacheka."

Hao ndio aliowaita watu wangu wagumu. Kulikuwa na mwenye bucha, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kule Eastleigh, kulikuwa na mpaka rangi mlevi aliyepanga chumba cha nyuma. Na kulikuwa na mimi. Alitaka kutuona wote ndani ya wokovu kabla hajafa, na hakuficha kwamba kati ya wote mimi ndiye niliyemkosesha usingizi.

Aliomba alfajiri, kabla mwenye maziwa hajapita, na hakufumba macho. Alisema akifumba atasinzia. Nyumba zetu zilijengwa na watu walioamini kwamba majirani hawana siri, kwa hiyo kila neno lilinifikia kitandani.

"Baba, nakuletea tena yule wa pembeni. Mlango wa buluu, si wa kijani. Wa kijani ni Mama Njoki, huyo ni wako tayari, ingawa mdomo anao. Ni huyu wa buluu, fundi wa viatu, yule mbishi. Unamjua."

Kama aliogopa Mungu atapotea njia, simlaumu. Nyumba za Maringo zinafanana, na hata mimi nimewahi kuingia ya mtu mwingine nikidhani ni yangu.

Ubaya wa maombi yake ni kwamba hakubakiza kitu. Aliamini ombi lisilo na maelezo ya kutosha ni kumpotezea Mungu wakati. Kuna Jumatatu maombi yalipofika zamu yangu akasema, "Baba, mwondolee huyu mbishi kiu ya bia ya keg. Jumamosi nilimwona kwa macho yangu pale nyuma ya stendi, amevaa lile shati la mistari, anacheka na mama mwenye kuuza."

Mke wangu akageuka kitandani polepole.

"Shati la mistari," akasema. "Si uliniambia ulikuwa Kariokor unangoja ngozi?"

Nikaupiga ukuta ngumi. "Mama! Maombi si redio!"

Upande ule mtu akakohoa. Kisha sauti ikarudi, tulivu kabisa. "Na umpe hekima, Bwana, asivunje nyumba ya kukodi. Amina."

Mwenye bucha aliitwa Kevo, kijana mchangamfu aliyekuwa na kawaida ya kusahau kidole chake juu ya mizani. Kila Ijumaa Mzee wa Kanisa alisimama mbele ya dirisha lake, akamsalimu, akamwambia amemwombea wiki nzima, kisha akavuka barabara akanunua nyama kwa mwingine.

"Mathee, si hiyo ni madharau?" Kevo alimfuata kwa sauti mara nyingi. "Unaniombea mimi alafu nyama unabuy kwa jirani?"

"Nakuombea wewe, Kevo, si mizani yako. Siku utakayotoa kidole nitanunua kilo mbili."

"Kidole gani, mathee? Hii iliumia. Inapumzika tu hapo."

Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kulia machozi ya kweli akiombea roho ya mtu, na wakati huohuo asimwamini na robo kilo ya matumbo. Nilimwuliza kama hiyo si kutokuwa na imani. Akasema imani yake iko kwa Mungu, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba inabidi iwe kwa Kevo pia.

Yule mpaka rangi aliokoka. Nasema hivi bila kejeli, maana niliona. Jumapili aliyosimama mbele ya kanisa, Mzee wa Kanisa alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, akakiokota akaendelea kucheza nacho mkononi. Sote tulifurahi, hata sisi wa keg tuliopungukiwa na mwenzetu. Lakini haukupita mwezi, mtu wetu akapata spika kubwa, akaisimamisha kwenye ua wa miiba ya kayaba mbele ya nyumba zetu, akaanza kuhubiri tangu alfajiri. Hakuna aliyeumia kama Mzee wa Kanisa. Mungu mwenyewe asingeweza kumsikia juu ya kelele ile.

"Nilimwomba Mungu amwokoe," aliniambia, amekunja uso, amejifunga leso kichwani kwa maumivu. "Sikumwomba ampe spika."

"Omba arudishiwe chupa," nikamshauri.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakumbuka cheo chake, akanikemea kwa jina la Yesu, akaenda zake akicheka bado.

Mfanyabiashara wa Eastleigh ndiye aliyemtia wasiwasi wa kweli. Alikuwa mzee Mwislamu, mpole, mwenye duka la vitambaa ambako Mzee wa Kanisa alinunua vya sare za umoja wa akina mama. Walishindana bei miaka mingi mpaka wakawa marafiki. Siku moja, mkononi ameshika gora la kitambaa cha buluu, Mzee wa Kanisa akamwambia waziwazi kwamba humwombea amjue Yesu. Yule mzee akamshukuru sana. Akamwambia na yeye humwombea, tena zamani, aingie katika Uislamu kabla ya kufa kwao wote wawili.

Alirudi Maringo akaketi kwenye ngazi yangu kama mtu aliyeibiwa.

"Ati ananiombea. Mimi!"

"Sasa ubaya uko wapi, Mama?"

"Ubaya? Baba Mwende, yule anaomba mara tano kwa siku. Mimi naomba asubuhi na jioni. Hebu fikiria wewe mwenyewe."

Tangu siku hiyo akaongeza maombi ya mchana, na mengine ya saa kumi, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Wakati wa Ramadhani tende zilikuja Maringo, na Krismasi chapati zilikwenda Eastleigh zimefungwa kwa kitambaa safi. Alimsifu kwetu kila mara. Alisema shida ya yule mzee ni moja tu, ana imani nyingi mno.

Nami alinijia kwa njia nyingine. Akina mama wa kanisa lao wana ushirika wa Alhamisi, unaozunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba anapika chai, wanaimba, wanasoma, wanaomba, wanakwenda. Kwa desturi unaombwa kwanza kama uko tayari kupokea wageni. Mzee wa Kanisa aliona kuuliza ni kumpa shetani nafasi ya kujibu. Alitangaza tu kanisani Jumapili kwamba Alhamisi ushirika utakuwa kwa Baba Mwende, nami nikapata habari kwa kinyozi, povu likiwa shavuni.

Nikaamua kuwashinda. Alhamisi ile mke wangu alikuwa amekwenda kumwona dada yake huko mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda Kariokor, nikakata tairi zangu kwa amani.

Akina mama walifika, wakakuta kufuli, na Mzee wa Kanisa akawaambia waketi palepale kwenye ngazi. Wakaketi, vitambaa vyeupe vichwani, wakaanza kuimba. Naye hakupenda nyimbo za kupiga makofi. Alipenda zile za polepole, zinazovutwa. Sasa mtu wa mtaani kwetu akipita aone akina mama wa kanisa wamejaa mlangoni pa mtu mchana wa siku ya kazi, nyumba imefungwa, wimbo unavutwa namna ile, hana haja ya kuuliza. Huyo mtu amekufa.

Kevo akafunga bucha akaleta benchi. Mama Njoki akaleta viti vya plastiki. Wanaume wakasimama kando, mikono nyuma, wakisema jinsi nilivyoonekana mzima juzi. Na Mzee wa Kanisa, alipoona watu wanamiminika, tena wale wale wasiotia mguu kanisani, hakujiuliza wanatafuta nini. Alidhani uamsho umefika Maringo. Akasimama juu ya ngazi yangu akawahubiria jinsi maisha yalivyo mafupi, na jinsi mtu anavyoweza kutoka asubuhi akiwa na mipango yake na jioni asirudi. Wale waliokuwa na shaka kidogo wakaanza kulia.

Mimi habari ilinifikia kwa simu. Nilikuwa nimeshika kisu na kipande cha tairi, simu ikalia, nikaona nimeingizwa katika grupu jipya la WhatsApp. Jina lake lilikuwa Mazishi ya Baba Mwende. Kevo alikuwa amelifungua na kuingiza kila namba ya mtaa aliyokuwa nayo, pamoja na yangu. Picha aliyoweka ilikuwa ya harusi fulani, mdomo wangu umejaa pilau.

Nikaandika: Ni mimi. Niko Kariokor.

Jibu likaja mara moja kutoka kwa mtu nisiyemjua: Nani anachezea simu ya marehemu? Tuwe na heshima jamani.

Kabla sijajibu nikatolewa kwenye grupu.

Nilifika Maringo jasho linanitiririka, aproni ya kazi bado kiunoni. Mama mmoja akapiga yowe akaangusha kikombe. Kevo akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Manze! Baba Mwende, si umededi?"

"Nani alikwambia?"

Kevo akamwangalia Mama Njoki, Mama Njoki akaangalia viti vyake. Hakuna aliyekuwa ameambiwa na mtu yeyote. Ikabidi nifungue mlango, na kwa kuwa watu walikuwa wameshafika, nikapika chai ya sufuria mbili. Kwa hiyo ushirika ulifanyika kwangu, na haujawahi kujaa vile tena.

Walipokwisha kuondoka Mzee wa Kanisa alibaki kwenye ngazi. Nilijua anangoja nimkasirikie, na nilikuwa nimejiandaa vizuri. Lakini yeye akatangulia.

"Yule Kevo alikuja kuninong'oneza pole," alisema. "Nikamwuliza ya nini. Akaniambia. Ilikuwa kitambo kidogo tu kabla hujatokea pale kwenye kayaba, lakini Baba Mwende, niliamini. Nilijiuliza nitasimama mbele ya watu niseme nini. Kanisa litaniuliza huyu alikuwa wetu? Niwaambie alikuwa jirani mwema, alikata viatu vizuri? Sitaki kukuzika huku natafuta maneno."

Nikaketi kando yake. Ndipo nikamweleza, mara ya kwanza na ya mwisho, kwamba mdogo wangu alipokuwa mgonjwa niliomba. Niliomba kuliko yeye, kwa magoti, kwa kufunga, na bado tulimzika. Tangu hapo mimi na Mungu hatujagombana, tumenyamaziana tu. Nilitegemea anipe aya. Hakunipa. Aliingia ndani akanimiminia chai iliyobaki kwenye sufuria, tukainywa ikiwa baridi.

Kesho yake alfajiri nilitega sikio. "Baba, yule wa buluu," alisema. "Leo sina neno. Unajua." Nililia kitandani, na mke wangu akajifanya amelala.

Miaka ikaenda. Aliendelea kuniombea kila asubuhi nami niliendelea kubisha, na sasa naona tulikuwa tumezoeana kama watu wanavyozoea kuwa na saa ukutani. Halafu akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na binti yake akamchukua kumkalisha kwake Umoja, ghorofa ya tatu. Upande ule wa ukuta wakaingia vijana wenye muziki.

Nilikwenda kumwona mwaka jana, nimebeba ndizi. Nilimkuta barazani, ameketi kwenye kiti chenye mito, anatazama nguo za majirani zinavyokauka. Alikuwa amepungua sana. Aliniuliza habari za mwanangu Mwende, za mke wangu, za bei ya ngozi, kisha akaniambia nguvu za alfajiri zimemwisha. Akianza kuomba, usingizi unamchukua kabla hajafika katikati ya watu wake.

"Kwa hiyo nimewagawa," akasema.

"Umegawa nini?"

"Watu wangu wagumu. Siwezi kuondoka niwaache wakizurura. Kevo nimempa mwenyekiti wa akina mama, yeye ni mkali, atamweza. Yule mzee wa Eastleigh nimempa binti yangu. Nimemwambia huyo aombewe mara tano, asipunguze."

Nilicheka. "Na mimi nimeangukia nani?"

Alirudi kutazama zile nguo.

"Wewe umenisumbua," akasema. "Nilimwambia Mama Njoki, akakataa. Ati wewe unabishana hata na mtu aliyefumba macho. Nikamwambia mchungaji, akasema atakukumbuka kwa ujumla." Akasonya. "Kwa ujumla! Mtu haombewi kwa ujumla. Nikampigia mke wako. Yeye akasema alidhani hiyo kazi nilishaichukua, akaacha zamani."

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna."

Sikutegemea iniume. Mimi niliyempigia ukuta ngumi, mimi niliyefunga mlango kwa kufuli, nilikaa pale nikipanga na kupangua ndizi zangu. Miaka yote ile nilikuwa naamka nikijua kuna mtu ameshanitaja. Sikuwahi kufikiri nini kitakuwa asubuhi ambayo hakuna atakayenitaja. Nilimpenda yule mama, na nilikuwa sijawahi kujiambia hivyo mpaka siku ile.

"Sasa itakuwaje, Mama?"

"Itabidi ujiombee mwenyewe."

"Mimi? Unajua mambo yangu. Nitasema nini?"

"Hilo ni lako. Mimi nimechoka." Akanyoosha mkono akaushika wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, umekauka, lakini ulishika. "Anza, nikiwa bado niko hapa kusikia."

Chini kulikuwa na mtu anauza sukuma wiki, anaita wateja. Nilingoja apite. Akapita, akaja wa mayai, naye akapita. Mzee wa Kanisa hakuniharakisha.

"Mungu," nikasema. Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Huyu mama amefanya kazi nyingi. Mpumzishe. Asisikie maumivu ya nyonga usiku. Na mimi…"

Hapo nikakwama.

"Amina!" akasema yeye kwa haraka, kabla sijaharibu.

"Bado, Mama. Sijafika kwangu."

"Najua hujafika," alisema, akaanza kumenya ndizi. "Utarudi kesho umalizie."

Kesho yake nilifunga kibanda mapema.